Jinsi nilivyoufikia mzizi wa jina Cholmondeley

Nilipopewa kazi ya kuandika maelezo ya picha za kale za Bonde la Ufa, nilikwama kwenye kadi moja iliyopigwa taipu: Hugh Cholmondeley, 1870–1931. Sura niliitambua mara moja, kwani ndiye Lord Delamere, mlowezi aliyeanzisha ranchi ya Soysambu kando ya Ziwa Elmenteita. Lakini jina la ukoo lilinishinda hata kulitamka. Wengi wetu hudhani kwamba Delamere ndilo jina la ukoo, ilhali ni cheo ambacho jamaa hao walitunukiwa mwaka 1821, nacho kilitokana na msitu wa Delamere katika jimbo la Cheshire, Uingereza.

Siku mbili nzima nilifuatilia nasaba, nikaishia kwenye orodha ndefu za mabwana na mabibi zisizonifafanulia neno lenyewe. Nilipata mwanga nilipoacha kufuata watu nikafuata mahali. Cholmondeley ni kijiji cha Cheshire, na katika Domesday, daftari kuu la ardhi lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza, kijiji hicho kimeandikwa Calmundelei. Tahajia hiyo kongwe ndiyo iliyonifungulia mlango, kwa sababu ndani yake vipande viwili vinaonekana wazi: Ceolmund, jina la mwanamume katika Kiingereza cha kale, na leah, yaani mahali palipo wazi katikati ya msitu. Leah hiyohiyo ndiyo inayobeba mwisho wa jina Stanley, ambalo maana yake ni uwanda wa mawe. Kwa hiyo Cholmondeley ni kwa Ceolmund, kama sisi tusemavyo Kwa Njenga, na waliomiliki ardhi ile wakalichukua jina la mahali likawa lao.

Matamshi ndiyo yaliyonistaajabisha zaidi. Ulimi wa wenyeji ulizimeza silabi za katikati karne baada ya karne, huku maandishi yakibaki palepale, hata herufi 12 zikawa silabi mbili tu. Baadhi ya jamaa waliamua kuandika wanavyosikia, ndiyo maana kuna pia Cholmeley na Chumley.

Nilifurahi mno kugundua kwamba Egerton, jina la mlowezi aliyeanzisha shule ya kilimo Njoro mwaka 1939, nalo ni la kijiji cha Cheshire, karibu na Cholmondeley.

Kwenye kadi mpya niliandika cheo na jina la ukoo, na chini yake matamshi: Chamli.