Sauti Niliyoizoea Mnarani

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuongoza ndege katika mnara wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, hapa Mombasa, na mtu akikaa huko juu muda wa kutosha hujifunza kumtambua rubani kwa sauti kabla hajamaliza kutaja jina la ndege yake. Asubuhi moja ya msimu wa kusi, nilipokuwa nikizipokea ndege kwenye njia ya kurukia namba 21, kama tufanyavyo upepo ule unapovuma, ilinifikia sauti ambayo kwa miaka kadhaa nilikuwa nimeizoea katika ndege za jeshi. Safari hii ilitaja namba ya safari ya shirika la abiria. Masafa ya redio si mahali pa kusalimiana, kwa hiyo nilimpa ruhusa ya kutua na kuongeza neno moja tu, "Karibu," naye akaelewa.

Kijana huyo nilimjua nje ya redio pia, kwa kuwa mama yake ni jirani yetu wa Magongo na tangu utotoni aliniita ami. Mwaka mmoja kabla ya asubuhi ile alikuja barazani kwangu baada ya alasiri, akanipa shikamoo, akakaa kimya hadi kahawa ikapoa mbele yake.

"Ami," akasema hatimaye, "nikitoka jeshini nitaonekana nimekimbia."

Nilimwuliza ni nani atakayemwona hivyo. Akajibu, "Watu wa nyumbani kwanza, kisha mimi mwenyewe."

Neno hilo la kukimbia ndilo linalonifanya niandike leo, kwa sababu nimelisikia likisemwa juu ya marubani wengi wa jeshi na sioni kama wanalistahili. Rubani wa jeshi haamki siku moja akaondoka. Hutia saini kutumikia kwa muda maalumu, ili taifa lirudishiwe thamani ya mafunzo liliyomgharamia. Katika Jeshi la Anga la Marekani, kwa mfano, muda huo ni miaka 10 tangu ahitimu mafunzo ya urubani. Aliyehitimu akiwa na umri wa miaka 24 atakuwa na 34 deni hilo litakapokwisha, na viwango vya kimataifa vinamruhusu kurusha ndege kubwa za abiria hadi afikishe miaka 65. Mtu aliyelipa deni lake lote, na ambaye mbele yake bado ana miaka 31 ya kazi, ana haki ya kujiuliza ataitumiaje.

Watu hudhani kinachowatoa ni fedha peke yake. Mshahara una nafasi yake, sikatai, lakini marubani niliozungumza nao walirudia jambo jingine mara kwa mara, nalo ni kwamba jeshini kupanda cheo ni kushuka kutoka kwenye ndege. Kadiri nyota za begani zinavyoongezeka, ndivyo mafaili ya mezani yanavyoongezeka na saa za kuruka zinavyopungua, hadi mtu aliyefunzwa kwa gharama kubwa kurusha ndege anajikuta anapanga ratiba za wenzake wanaoruka. Katika shirika la abiria mtu anaweza kuzeeka akiwa bado katika kiti cha rubani. Kijana wangu aliniambia kwamba ofisi ilimtisha kuliko dhoruba yoyote aliyowahi kuipita, na nilimwamini.

Hata hivyo mlango wa kuingilia huko ni mwembamba, na hapa ndipo wengi hawaelewi ugumu wa hatua yenyewe. Leseni ya juu ya rubani wa mashirika hudai saa 1,500 za kuruka. Rubani wa ndege za mizigo za jeshi huzikusanya mapema, kwa kuwa safari zake ni ndefu na hufanya kazi na rubani msaidizi kama ilivyo katika ndege za abiria. Ikiwa amerusha ndege ya mapangaboi ya Dash 8 jeshini, atakutana na jamaa za ndege hiyo hiyo katika safari za kila siku kati ya Nairobi na Mombasa. Rubani wa ndege za kivita kama F-5 yuko mbali zaidi. Mazoezi yake mengi humalizika ndani ya saa moja hivi, huruka peke yake, na saa zake hupanda polepole ijapokuwa kila moja imejaa kazi ambayo rubani wa abiria hataiona maishani. Marekani ilipoweka sharti la saa 1,500 kwa marubani wasaidizi pia mwaka 2013, kufuatia ajali ya ndege iliyoanguka karibu na Buffalo mwaka 2009, iliwaruhusu waliofunzwa jeshini waanze wakiwa na saa 750.

Tofauti ya mikono yao niliiona kwa macho yangu kutoka mnarani. Rubani wa kivita huja juu ya uwanja kwa kasi, hukata kona kali juu ya njia ya kurukia, hupunguza mwendo akiwa ndani ya kona ileile na kutua upesi, kwa sababu amefundishwa kwamba ndege inayokaribia uwanja polepole katika mstari mmoja ni shabaha. Ndege ya abiria inadaiwa kinyume chake kabisa. Inapofika futi 1,000 juu ya ardhi, mara nyingi mwendo, mteremko na magurudumu yanapaswa kuwa tayari yametulia, na kama hayajatulia rubani hupaa tena na kurudi upya bila kuona haya. Huko kurudi upya bila kuona haya ndiko kunakowachukua muda kujifunza, maana wamelelewa kumaliza walichotumwa. Jambo hili linanigusa sana, kwa sababu ndilo linaloamua kama abiria watafika salama.

Kisha kuna orodha. Katika mashirika mengi makubwa nafasi ya rubani hufuata siku aliyoajiriwa, wala si cheo alichotoka nacho. Namba yake katika orodha ndiyo inayoamua atarusha ndege gani, atakuwa na kituo wapi, atapumzika Idi au atakuwa angani, atakuwa kapteni lini, na kazi ikipungua ni nani wa kwanza kuambiwa akae nyumbani. Ndiyo maana mtu aliyeongoza kikosi kizima anaweza kuketi kiti cha kulia akimsaidia kapteni aliye mdogo kwake kwa miaka minane, na ndiyo maana anayesitasita hata mwaka mmoja hukuta mamia wamemtangulia. Kijana wangu aliuliza kama hilo litamuuma. Nilimjibu kwamba litamuuma miezi sita, na kwa kweli lilimuuma mwaka mzima.

Kwangu mimi, njia bora zaidi ya kuondoka ni ile ya akiba. Huko Marekani rubani anaweza kuacha utumishi wa kila siku, akajiunga na shirika la abiria, na bado akabaki katika kikosi cha akiba au cha walinzi wa jimbo, akienda kambini siku kadhaa kila mwezi kurusha ndege ya jeshi na kuitwa kukiwa na haja. Sheria ya mwaka 1994 inamzuia mwajiri kumnyima kazi yake anaporudi, na namba yake katika orodha huendelea kuhesabiwa kana kwamba hakuondoka. Tammie Jo Shults, aliyetua na ndege ya Southwest iliyopasuka injini tarehe 17 Aprili 2018, alirusha ndege za jeshi la majini, akaendelea katika akiba yake baada ya kujiunga na shirika. Abiria mmoja alifariki siku ile. Wengine wote walishuka hai.

Hesabu nayo inaunga mkono. RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilikadiria mwaka 2019 kwamba kumfikisha rubani mmoja wa ndege ya kivita ya F-16 kwenye kiwango cha msingi hugharimu dola milioni 5.6, na wa F-22 milioni 10.9. Bunge la nchi hiyo baadaye liliruhusu malipo ya hadi dola 50,000 kwa mwaka ili kuwashawishi marubani wabaki jeshini. Akiba huokoa sehemu kubwa ya ujuzi huo kwa bei ndogo zaidi, nayo humwondolea mtu uchungu wa kuchagua kati ya watoto wake na gwanda lake. Sheria yetu ya majeshi ya mwaka 2012 inalitambua jina la akiba. Ninachotamani kwa moyo wote ni kuona marubani wetu walioko katika mashirika wakipewa ratiba ya kudumu ya kurudi kuruka, na waajiri wao wakibanwa kuwalindia nafasi, ili ujuzi uliolipiwa na kodi ya mvuvi wa Likoni usiishie katika picha ya ukutani.

Mimi nimeshastaafu, na ndege sasa huziona nikiwa barazani tu. Juma lililopita nilipita kwa jirani kumjulia hali, nikamkuta ametandika gwanda la mwanawe mezani na pasi mkononi. Mwanawe alikuwa angani wakati huo, akiwapeleka abiria Nairobi. Nilimwuliza analipigia pasi la nini, na mtu mwenyewe ameacha kazi ya jeshi.

"Wakimwita, shemeji," akanijibu bila kuinua macho, "atavaa nini?"