Risiti ya saruji

Leo siku ya nne na neno bado halijanishuka kooni. Jumatatu ofisi imehamishiwa ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu, Jumanne tumemzika mzee wa nyumba ya pili, na katika yote hayo ninachokisikia kichwani ni maneno matatu ya mtoto wa kidato cha tatu.

Ilikuwa Jumapili, tuko mezani. Shemeji (ndiyo, huyohuyo wa pikipiki iliyopotea ikarudi na rangi nyingine) akaingia na guta limejaa saruji. Mifuko 12. Mnajua tangu mwaka jana yeye ni mtunza stoo kwenye mradi wa ujenzi. Nikamkaribisha chakula, kisha nikamuuliza:

“Shemeji, hii imetoka wapi?”

“Kwa Mungu, shemeji yangu.”

“Na Mungu kakupa risiti?”

Hapo Junior, macho hayajatoka kwenye simu, akasema: “Mama kama Skyler.” Shemeji akacheka. Huyo simhesabu. Ila Baba Junior naye akacheka, hadi wali ukampalia.

Kwa ambao hamjaiona: Breaking Bad, vipindi 62, ilirushwa Marekani kuanzia 2008 hadi 2013. Mwalimu wa kemia wa Albuquerque, Walter White, anaambiwa ana saratani ya mapafu, anaanza kupika dawa za kulevya ili aiachie familia kitu. Skyler ndiye mkewe. Mhasibu, kama mimi. Kosa lake kubwa ni kuuliza mume anakwenda wapi na hela inatoka wapi. Basi watazamaji walimchukia kuliko wauaji wote wa ile tamthilia, mpaka Anna Gunn, aliyemwigiza, akaandika makala kwenye New York Times mwaka 2013 kueleza chuki ile ilivyohama kutoka kwa mhusika ikamwangukia yeye mwenyewe. Kuna mtu alifika kuuliza mtandaoni ampate wapi amuue.

Nimeyarudia mazungumzo ya mezani mara nyingi, kila mara nikitoka na jibu kali zaidi. Jana kwenye daladala nilimjibu Junior vizuri sana, mpaka dada niliyekaa naye akasogea kidogo.

Jibu lenyewe nilimpa jioni. Nikamwambia, yule Walter wako mwenyewe mwishoni alikiri kwa mkewe kwamba hakufanya kwa ajili ya familia, alifanya kwa sababu alipenda na alijiona anaiweza kazi.

“Najua, Mama. Lakini si aliwaachia hela?”

Sikuwa na la kuongeza. Milioni 9 na zaidi za dola, kweli aliwaachia.

Sisemi Junior ataenda kupika dawa. Kemia yenyewe amepata D. Ila mtu ukishakaa naye vipindi 62, umeuona uchungu wake, umemwona akiosha magari ya wanafunzi wake, unakuwa upande wake bila kujua ulihamia lini. Na ukishakuwa huko, anayeuliza risiti ndiye mkorofi.

Sasa niseme lililonifanya nifungue kompyuta saa sita hii ya usiku. Mimi mwenyewe nilipoiangalia mara ya kwanza, Skyler alinichosha. Kuna pale Jane, msichana aliyekuwa akimtishia Walter kumuumbua, amelala chali, anatapika usingizini, anapaliwa. Walter yuko pembeni ya kitanda. Ananyoosha mkono, anausimamisha. Angemgeuza ubavu tu, binti angepona. Anamwacha afe. Na mimi, mama wa watoto watatu, nikashusha pumzi: afadhali.

Halafu kuna hili la Skyler ambalo Junior hakulisema, na naomba asilikumbuke. Hakuishia kuuliza. Ndiye aliyesimamia ununuzi wa biashara ya kuosha magari, akakaa kwenye mashine ya malipo akiandikia wateja hewa ili pesa ya mume itakate.

Leo asubuhi fundi alikuja. Ile sakafu ya bafu niliyoipigia kelele mwaka mzima imeshapigwa, laini, maji yanakwenda yenyewe kwenye tundu. Imekula mifuko mitatu. Fundi akauliza, “Mama, hii nyingine niifunike turubai isishike unyevu?” Nikamwambia funika vizuri. Chai nikamwekea maziwa.

Mifuko tisa iko nyuma ya banda la kuku hivi ninavyoandika. Baba Junior anakoroma. Swali langu hakuna aliyelijibu, na tangu Jumapili sijaliuliza tena.

Halafu simu ya Bibi haipatikani tangu juzi. Binti wa jirani yake kasema huenda ni chaji, umeme kwao unakatika sana, lakini Bibi huwa hakosi kunipigia Jumatano. Kesho nikikosa tena mpaka saa nne, nitamtuma bodaboda.