Kizibao cha Bati na Kodiani ya Guka

Houston, Jumapili, 14 Juni 2009

Kwa wiki tatu sasa redio ya gari langu imekuwa na diski moja tu, nami sina nia ya kuitoa. Ni albamu ya Stanley Dural, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Buckwheat Zydeco, iliyotolewa Mei 2009 na kampuni ya muziki ya Alligator ya Chicago. Inaitwa Lay Your Burden Down, yaani tua mzigo wako. Mzee huyu alikuwa na miaka 61 ilipotoka, na albamu yake iliyotangulia, Jackpot!, ilikuwa ya mwaka 2005, kwa hiyo nilipoinunua hii nilitarajia kazi ya mtu anayejikumbusha ujana wake. Nilichokikuta ni muziki unaomfanya dereva aliyekwama kwenye foleni ya barabara kuu ya I-10 apige usukani kwa viganja hadi jirani yake ashushe kioo atazame kuna nini. Barabara hiyohiyo, ukiifuata kuelekea mashariki kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, inakufikisha Lafayette, Louisiana, mji aliozaliwa Dural mwaka 1947.

Kwa wasomaji wa nyumbani Kenya ambao neno zydeco ni geni kwao, huo ni muziki wa Wakrioli, watu weusi wa kusini-magharibi mwa Louisiana waliorithi lugha ya Kifaransa na dini ya Kikatoliki, na nguzo zake ni kodiani na bati la kukwaruza. Jina lenyewe, kwa simulizi inayokubaliwa na wengi, limetokana na msemo wa Kifaransa chao, les haricots sont pas salés, maharagwe hayana chumvi, kwa maana kwamba nyumba imekosa hata kipande cha nyama ya chumvi cha kutia chunguni. Yatamke maneno mawili ya kwanza harakaharaka na utasikia zydeco. Sisi tuliolelewa kwa githeri, mahindi na maharagwe, ya mwisho wa mwezi hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mara ya kwanza kuuona muziki huu ukipigwa ilikuwa katika ukumbi wa parokia moja hapa mjini, ambako Wakrioli wa Houston hukusanyika kucheza na kuchangia kanisa. Wapiga kodiani walikuwa wawili wakipokezana, lakini macho yangu yalikwama kwa kijana aliyevaa kizibao cha bati. Zamani walikwaruza ubao wa kufulia nguo, ule wenye mikunjo, wakiuning'iniza shingoni kwa kamba. Mwaka 1946 Clifton Chenier, anayeitwa hadi leo mfalme wa zydeco, alimweleza fundi wa vyuma Willie Landry huko Port Arthur, Texas, namna ya kutengeneza bati lenye mabega yake, la kuvaliwa kama nguo, na kaka yake Cleveland akawa wa kulivaa. Wao huliita frottoir. Nilisimama karibu na yule kijana kiasi cha kuhesabu vifungua chupa alivyoshika, vitatu katika kila mkono. Bati la kifuani lilikuwa limelika hadi likapoteza mng'ao, na mng'ao uliosalia ulikuwa mabegani tu, mahali ambapo mikono haifiki. Alipokuwa amesimama wima sauti ilikuwa kama ya mvua ya masika juu ya paa. Alipoinama kidogo na kukwaruza karibu na tumbo, ikawa nzito kama ya mtu anayepepeta mahindi.

Kilichonishtua ni kwamba sauti ile niliijua. Guka, babu yangu mzaa baba, alikuwa mpiga mwomboko huko Nyeri, ngoma ile ya miaka ya 1940 inayochezwa na wawili wawili, hatua mbili kisha magoti yanakunjwa. Nayo haina vyombo vingi: kodiani, na karing'aring'a, duara la chuma linalogongwa na kukwaruzwa kwa kijiti cha chuma. Nikiwa na miaka kumi na miwili, katika harusi ya shangazi yangu, Guka aliniita mbele ya watu wote na kuninyooshea karing'aring'a ili nimsaidie, kwa kuwa mwenzake alikuwa mgonjwa. Nilikataa. Nilikuwa na kaseti za disko chini ya godoro na niliona aibu kuonekana nimeshika chuma cha wazee. Binamu yangu alikishika badala yangu, akakosea mapigo usiku kucha, na Guka hakuniita tena.

Ndiyo maana maisha ya Dural yananigusa kuliko ya wanamuziki wengi wenye majina makubwa zaidi. Baba yake alipiga kodiani nyumbani, naye Stanley hakuitaka; alitaka ogani, R&B na fanki, na mwaka 1971 akaunda bendi yake ya fanki, Buckwheat and the Hitchhikers, yenye watu wasiopungua kumi na tano jukwaani. Baba hakwenda kumsikiliza. Ilipofika mwaka 1976, Chenier, ambaye alikuwa rafiki wa baba yake, alimchukua katika bendi yake apige ogani. Dural alisimulia mara nyingi juu ya usiku wa kwanza: walipiga kwa muda wa saa nne bila kupumzika, na Chenier alipotangaza kwamba wanafunga, yeye alidhani ndiyo kwanza wameanza. Alikaa katika bendi ile zaidi ya miaka miwili, kisha akaenda nyumbani akajifunza kodiani, na mwaka 1979 akaanzisha bendi yake, Ils Sont Partis, jina lililotokana na kelele ya mtangazaji wa mbio za farasi huko Lafayette kila farasi wanapochomoka. Mwaka 1987 alitia sahihi na Island Records, kampuni kubwa ambayo haikuwahi kumsajili mpiga zydeco kabla yake, na mwaka 1996 alipiga katika sherehe za kufunga Olimpiki ya Atlanta. Hayo ya sifa yapo kila mahali. Mimi nabaki kwenye ile miezi ya kujifunza, mtu mzima wa miaka thelathini na ushee, mpiga ogani hodari, akihangaika na mivukuto ya chombo alichokidharau mikononi mwa baba yake.

Sasa rafiki yangu mmoja, Mkrioli anayecheza zydeco kila Jumamosi na asiyependa mchezo na viatu vyake, ananilalamikia kwamba albamu hii ina zydeco kidogo. Ni kweli kwamba nyimbo kadhaa ni za kuazima: upo wimbo wa Bruce Springsteen, upo wa Jimmy Cliff, na wimbo uliobeba jina la albamu ni wa Warren Haynes, ambaye mwenyewe amealikwa kupiga gita. Mtayarishaji ni Steve Berlin wa bendi ya Los Lobos, na mkono wake unasikika. Lakini namjibu rafiki yangu kwamba Chenier mwenyewe alizoa bluzi na R&B za redioni akazivalisha kizibao cha bati, na hakuna aliyemdai chochote. Ninachokisikia mimi humu ni zile pande mbili za Dural zikiwa zimekaa chumba kimoja. Katika nyimbo nyingine anaiweka kodiani kando na kurudi kwenye ogani ya Hammond, ile aliyoikimbilia ujanani, na anapoichukua tena kodiani anaipiga kama mpiga ogani, akiziachia sauti ndefu zikae huku bati likiendelea kukimbia chini yake. Katika wimbo wa Jimmy Cliff, rege na zydeco zinaingiliana bila kugombana. Uchangamfu huo hauna papara. Ni uchangamfu wa mtu ambaye kazi yake, kwa miaka thelathini, ilikuwa kuhakikisha watu hawaketi.

Wimbo wa kwanza ndio ninaourudia zaidi, When the Levee Breaks, uliorekodiwa mwaka 1929 na Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy kuhusu gharika ya mto Mississippi ya mwaka 1927. Sonny Landreth, aliyewahi kupita katika bendi ya Chenier, yumo kwa gita lake la kutelezesha. Kuanzisha albamu ya dansi kwa wimbo wa boma la mto kubomoka ni uamuzi ambao mtu wa Louisiana pekee anaweza kuufanya miaka minne baada ya kimbunga Katrina. Hapa Houston una uzito wake pia, kwa sababu gharika ya 1927 iliwasukuma Wakrioli wengi hadi mtaa wa Frenchtown, na kodiani zao zikaja nao, kama vile Katrina ilivyotuletea maelfu ya watu waliolala katika uwanja wa michezo wa Astrodome mwezi Septemba 2005. Nilipeleka blanketi huko. Niliyempa mojawapo, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa anapiga mapigo kwenye kiti cha plastiki kwa vidole viwili.

Leo mchana, ambao kwa Nyeri ni saa mbili usiku, nilikwangua kadi ya simu ya dola tano nikampigia baba. Nilimuuliza kodiani ya Guka iko wapi. Akasema ipo ghalani, ila panya wamekula mivukuto, na vifungo viwili vimeng'olewa na watoto. Nikamwambia angoje kidogo, nikaisogeza simu kwenye spika na kumwekea wimbo mzima, dakika zikiisha kwenye kadi. Ulipokwisha akaniuliza, "Huyo wa karing'aring'a ni wa wapi? Anapiga vizuri." Nikamwambia si karing'aring'a, Baba, ni kizibao cha bati. Akanyamaza kidogo, kisha akasema niweke mwingine.