Kichanganuzi cha masafa kwa kidude cha TV, na hao wanaosema "pandisha geini"

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: ukiona mawimbi kidogo, pandisha geini (ukuzaji wa mawimbi ndani ya kipokezi) mpaka mwisho na ununue antena kubwa. Ushauri wa kukumalizia pesa. Kichanganuzi cha masafa, yaani chombo kinachochora nguvu ya mawimbi ya redio kwenye kila masafa, kile cha maabara ni mamilioni ya shilingi. Changu ni laptopu ya zamani na kidude cha USB cha kupokea TV chenye chipu za RTL2832U na R820T2; kidude na kebo vilinigharimu laki moja na ushee. Kinasikia kuanzia kama megahezi 24 hadi 1,766.

Kwenye Windows utabadilisha draiva kwa programu ya Zadig. Linux nayo hukishika ikidhani unataka kuangalia TV, basi andika `blacklist dvb_usb_rtl28xxu` kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d.

Kidude hiki kinameza kama megahezi 2.4 kwa mkupuo. Ukikilazimisha 3.2, sampuli (vipimo vya wimbi) zinadondoka njiani. Upana mkubwa basi hupimwa vipande vipande, na programu ya rtl_power inaifanya kazi hiyo yenyewe:

`rtl_power -f 88M:108M:10k -g 20 -c 25% -i 10 fm.csv`

Hiyo `-c 25%` usiiruke. Inakata kingo za kila kipande, ambako chujio la ndani hulegea. Usipokata, grafu inatoka na mabonde yaliyopangana kama meno ya msumeno. Ndani ya faili la CSV (jedwali la namba) kila mstari ni kipande kimoja: tarehe, saa, masafa ya chini, ya juu, hatua, idadi ya sampuli, kisha desibeli.

Sasa turudi kwenye geini, ile `-g` ya kwenye amri. Chipu inapima kwa biti 8 tu, na Dar stesheni za FM ni nyingi na zina nguvu. Nilipofuata ule ushauri nikaweka 49, skrini ilijaa vilele mpaka kwenye masafa ya ndege, 118 hadi 136, na muziki unasikika humo! Hayo ni mawimbi bandia. Kidude kimezidiwa, kinayazaa chenyewe kwa kuchanganya stesheni kali.

Kuyabaini ni rahisi na kunafurahisha. Chukua resista mbili za omu 100, kila moja kutoka upande wake wa waya wa kati kwenda kwenye wavu wa kebo, na ya omu 68 katikati yao, kwenye waya wa kati wenyewe. Miguu iwe mifupi kabisa. Umepata kipunguza nguvu cha karibu desibeli 10. Kiweke kati ya antena na kidude. Wimbi halisi litashuka kama 10. Lile lililozaliwa kwa mchanganyiko litaporomoka 20 au 30. Likiporomoka hivyo, lifute kwenye daftari.

Dawa ya stesheni kali ni kipande cha kebo kinachochimba shimo kwenye masafa yake. Weka kiungo cha T kwenye antena, ning'iniza kebo ya dishi aina ya RG-6 yenye povu, ncha ya mwisho ikiwa wazi, waya wa kati usiguse wavu. Kwa megahezi 98 urefu unakaribia sentimita 63. Anza na 68, washa skrini, kisha kata nusu sentimita kwa koleo huku ukitazama kilele cha stesheni inayokusumbua kikizama. Kila sentimita husogeza shimo kama megahezi moja na nusu kwenda juu, kwa hiyo polepole: kebo iliyokatwa hairefuki. Ukitumia RG-58, anzia 55, maana mawimbi hutembea taratibu zaidi ndani yake. Shimo linamaliza stesheni moja kali na kudhoofisha jirani zake.

Chaja ya laptopu chomoa unapopima, na kidude kikae mbali kwa waya wa USB wa mita moja. Namba za desibeli ni za kulinganisha tu, si nguvu halisi. Na ukiona mstari mwembamba kwenye 57.6, 86.4, 115.2 au 144, chomoa antena kwanza. Ukibaki palepale, ni kristali ya megahezi 28.8 ya kidude chenyewe.