Kiti cha Ngamiani

Mama mkubwa alifariki Tanga, mtaa wa Ngamiani, Machi 2019, na siku ya hitima mimi peke yangu ndiye niliyekaa kitini. Wanawake wengine wote walikuwa chini mikekani, hata bibi mmoja jirani anayetembelea mkongojo. Magoti yangu yalikuwa hayakunjiki tena. Nilikuwa na kilo 118 kwa urefu wa mita 1.62. Ukizidisha urefu huo kwa wenyewe, kisha ukagawa uzito kwa jibu lake, unapata 45, na unene uliokithiri unaanzia 30. Hesabu hiyo hakunifundisha daktari. Nilikuwa nikiipiga mwenyewe usiku kwenye simu, kama mtu anayekagua deni.

Kiti kilikuwa cha plastiki, cheupe, cha kukodi, juu ya vigae. Wanaokalia viti vile bila wasiwasi hawajui kwamba havivunjiki kwa ghafla. Miguu ya nyuma hutanuka polepole, unaisikia inavyoteleza, nawe unajikaza na kubana pumzi, eti usipopumua utakuwa mwepesi. Nje, chini ya turubai, wanaume walikuwa katikati ya Yasini. Nikasikia ta! Nikawa chini, kipande cha mguu wa kiti kimenasa kwenye baibui.

Walioninyanyua walikuwa wanne. Idadi naikumbuka kwa sababu nilijiambia palepale: wanne! Yakafuata mengine. Wamecheka wote. Msiba wa watu nimeugeuza vichekesho. Leo hakuna atakayemkumbuka marehemu, watalikumbuka bonge lililoanguka. Nikabeba mkoba, nikatokea mlango wa uani kama naenda msalani, nikachukua bajaji mpaka stendi ya Kange. Sikumuaga mtu.

Kwenye basi nilikata tiketi mbili, ndiyo ilikuwa kawaida yangu, ili jirani asisonye. Muheza wauza machungwa wakazunguka madirisha. Koo lilikuwa limekauka mpaka linauma, nikageuza uso: watasema hata katoka msibani anakula. Akina nani? Nusu ya abiria walikuwa wamelala. Usiku, Dar, nikala mkate mzima kwa chai, nimesimama jikoni, taa nimeizima. Naishi peke yangu. Mkate nimeshausamehe, ile taa bado.

Tangu siku hiyo sikwenda msibani. Rambirambi nilituma kwa simu, nikasingizia kazi.

Novemba presha ikanipeleka kliniki, na daktari akanivusha chumba cha pili kwa mwanasaikolojia, kijana rika la mdogo wangu wa mwisho. Nilitegemea orodha ya vyakula vya kuacha, na majibu yangu nilikwishayaandaa. Akanipa karatasi yenye safu tatu: kilichotokea, ulichojiambia, ushahidi. Baadaye nilikuja kujua kwamba njia hiyo imetokana na kazi ya Aaron Beck, daktari Mmarekani ambaye miaka ya 1960 alibaini kuwa wagonjwa wake wa sonona walikuwa wakijisemea maneno makali yanayojileta yenyewe, nao wakiyaamini kama habari. Safu ya kwanza niliijaza kwa sentensi moja. Ya pili ilinifanya nigeuze karatasi. Ya tatu niliandika neno moja: nilisikia.

"Ulisikia kicheko cha nani?"

Sikuwa na jibu.

"Yupo wa kumuuliza, mama?"

Yupo, binti wa marehemu. Ilinichukua wiki mbili kumpigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Leo umetukumbuka!"

Nikamuuliza. Alikaa kimya kidogo. "Watoto walicheka, wale wawili, nikawafinya. Na mimi nisikudanganye, kicheko kilinitoka. Siku tatu sijalala, hata sijui nilikuwa nacheka au nalia. Halafu nikakutafuta. Mama alikuachia kanga zake, doti mbili, ulikuwa ukabidhiwe mbele ya wazee baada ya dua. Tumekuita mpaka kwa majirani. Miezi minane ziko kabatini na mimi nimekununia."

"Na kiti?"

"Kiti kipi? Aah, kile tulilipa."

Nikarudi kliniki kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi. "Si unaona, walicheka."

"Andika," akasema. "Watoto wawili na dada. Chumbani mlikuwa wangapi?"

Labda thelathini. Nikaandika: watatu kati ya thelathini. Nilimchukia kidogo, maana "wote" nilikuwa nimeizoea. Habari ya kanga haikuwa na safu yake, nikaiandika pembeni.

Januari nilikwenda Tanga kuzichukua, nikiwa na kilo 116, na tiketi zilikuwa mbili bado. Dada alizitoa zimekunjwa, zina harufu ya udi na dawa ya kufukuzia nondo. Karibu na mlango alikuwa ameweka kiti kimoja cha mbao, kile cha mezani. Nikakitazama miguu.

"Kaa bwana, chai inapoa," akasema, akijikunja mkekani.

Nikakaa, sikio moja kwake, jingine kwenye vigae.