Jinsi nilivyoacha kujibu kwa pupa nikibanwa

Dalili: nikiulizwa kwa ukali, jibu lilinitoka kabla sijalipima. Kuhesabu hadi kumi hakukusaidia. Hasira ilisubiri tu zamu yake. Kunyamaza kukaonekana dharau. Yakobo 1:19, ule mstari wa Biblia wa kuwa mwepesi wa kusikia, si wa kusema wala kukasirika, nilishaikariri, ila sikujua nifanye nini sekunde ileile.

Ufumbuzi niliupata Nehemia 2:4. Mfalme wa Uajemi anamuuliza Nehemia, mnyweshaji wake, anataka nini; Nehemia tayari ana hofu kuu, anamwomba Mungu, ndipo anajibu, palepale mbele ya mfalme! Maneno ya sala hayakuandikwa hata. Bila shaka ilikuwa fupi mno. Basi nami navuta pumzi, nasema moyoni "Bwana, niongoze", kisha naanza na swali: "Unahitaji nini kwanza?" Kuanza kwa kuuliza ndiko kunakoshusha sauti yangu. Kwenye ujumbe wa simu, sala huja kabla ya kuandika, si kabla ya kutuma.