Siku moja maishani mwangu: kupanga uvunaji wa misonobari Norrbotten, Uswidi

Saa 1 asubuhi. Ramani kwanza. Juu ya mipaka ya eneo la kukata naweka ramani ya sameby, ushirika wa wafugaji wa reindia (kulungu wa kaskazini) wa Kisami, wenyeji wa asili wa huku: njia za kuhamia, vituo vya kupumzikia, malisho ya majira ya baridi. Njia ikipita katikati ya eneo, utepe wa kuwekea alama msituni unasubiri.

Saa 3. Kikao na wafugaji. Sheria ya misitu, kifungu cha 20, hulazimisha mashauriano kwenye malisho ya mwaka mzima tu. Cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, kinadai zaidi: ridhaa ya hiari, iliyotolewa mapema, kwa taarifa kamili. Taarifa ya kukata hupelekwa Skogsstyrelsen, idara ya misitu ya serikali, wiki 6 kabla. Ukiipeleka halafu ndipo uwaite wafugaji, umewaita kuwatangazia. Kosa jingine ni kuleta kipande kimoja kimoja. Hekta 12 hazimtishi mtu, lakini zijumlishe na zilizokwisha kukatwa jirani, utakuta njia imefungwa. Weka mezani mipango ya miaka kadhaa.

Saa 6 mchana, msituni. Naanza kutazama chini. Likeni ya kijivu, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja na kutanda ardhini, ndiyo chakula kikuu cha reindia wakati wa theluji, nayo hukua milimita chache tu kwa mwaka. Ikitanda hivi, mashine ya kutifua udongo haiingii. Ikipita, likeni huchukua miongo kurudi. Miche itapandwa kwa mkono. Mbolea ya naitrojeni nayo haifai, maana huipa nguvu mimea mingine ikaifunika likeni. Matawi yaliyokatwa yakiachwa ovyo huziba malisho, kwa hiyo yanalazwa kwenye njia ya mashine peke yake, ambako pia yanazuia magurudumu kuzama.

Kisha juu. Likeni zinazoning'inia kama ndevu kwenye sprusi kongwe, miti jamii ya misonobari, ndizo akiba pale mvua inaponyesha juu ya theluji, ikaganda, na reindia wakashindwa kuchimba. Nafunga utepe kwenye miti ya kubakizwa, kwa makundi. Mti ukibaki peke yake upepo huuangusha. FSC ya Uswidi inataka ibaki angalau miti 10 kwa hekta. Kwangu hicho ni kima cha chini, kwenye sprusi kama hizi naacha zaidi.

Saa 9 alasiri. Mipaka mipya inatumwa kwenye kompyuta ya mashine ya kukatia, na faili la zamani linafutwa humo humo. Dereva wa zamu ya usiku hufuata mstari wa skrini kuliko utepe, hasa theluji ikianguka.